Dakika ishirini, sista: kwa wauguzi wapya mnaokaa mbali na wodi

Wiki hii peke yake nimelisikia mara tano. Saa moja na dakika arobaini asubuhi mlango wa wodi unasukumwa taratibu, kijana anaingia kiubavuubavu, begi bado liko mgongoni, uso umeloa jasho. "Samahani sista, foleni." Namuuliza anakaa wapi. "Si mbali, sista. Dakika ishirini tu."

Dakika ishirini hizo sijui ni za saa ya nani. Zamu inaanza saa moja kamili. Mtu wa dakika ishirini foleni itamchelewesha kumi, kumi na tano, si arobaini kila Jumanne na kila Alhamisi. Ila sina uso wa kumkaripia sana, maana uongo huo wa dakika ishirini niliufuga mimi kabla baadhi yenu hamjajua kusoma saa. Ndiyo sababu naandika. Nimechoka kuwatazama mkitumbukia kwenye shimo nililotoka na magoti yamechubuka, tena mnatumbukia mkicheka.

1. Njia haipimwi Jumapili

Nyumba za mbali karibu zote hupangwa siku ya ofu. Barabara iko wazi, jua limetulia, rafiki ana gari, mnapiga soga, mnafika hamjamaliza hata hadithi ya kwanza. Unaona chumba kikubwa na dirisha linaloingiza upepo, unatia sahihi. Jumatatu alfajiri ndiyo unakutana na njia yenyewe.

Pima siku ya kazi, kwa chombo utakachopanda, saa utakayopanda. Pima kwenda, pima kurudi. Kama utaingia naiti, zamu ya usiku, pima na jioni. Na mwenye nyumba usimuulize umbali, yeye anauza.

2. Kilomita haziingii wodini

Mtu akiniambia anakaa kilomita kumi na mbili hajaniambia kitu. Nataka kujua dakika tangu anafunga mlango wake hadi amesimama mezani pa kukabidhiana zamu, sare mwilini, kalamu mkononi. Hapo katikati kuna kutembea hadi kituoni, kusubiri, kubadilisha basi, kusubiri tena, geti, lifti inayokwama, na chumba cha kubadilishia nguo ambacho kufuli lake halijawahi kufunguka mara ya kwanza.

Kwenye kusubiri ndipo wengi mnapojidanganya. Mmeambiwa mabasi yanapita kila baada ya dakika 10, mnahesabu kusubiri 5. Ingekuwa kweli kama yangepita kwa mpangilio. Lakini mabasi hufuatana kama bata: mawili yanapishana kwa dakika 2, halafu pengo la 18. Wastani bado ni 10, hakuna aliyedanganya. Ila wewe unayefika kituoni bila kujua, uwezekano mkubwa utaangukia kwenye lile pengo refu, kwa kuwa ndilo lililokula muda mwingi. Pigeni hesabu: wastani wa kusubiri unakuwa dakika 8 na ushei, si 5. Kama njia yako ina mabasi mawili, hesabu mara mbili. Hapo hata foleni hatujaigusa.

Na msipange safari kwa siku ya wastani. Ukipanga kwa wastani, karibu nusu ya siku zako utachelewa. Andika muda wako kwa wiki mbili, chukua ile siku mbaya inayojirudia, panga kwa hiyo.

Kuna mwanafizikia wa Kiitalia, Cesare Marchetti, ambaye mwaka 1994, akiegemea kazi ya mtaalamu wa usafiri Yacov Zahavi, aliandika jambo ambalo lingenisaidia sana kama ningelijua mapema. Alisema watu, mahali pengi na zama nyingi, hutumia kama saa moja kwa siku kwa safari zao zote. Enzi za kwenda kwa miguu, kilomita 5 kwa saa, mji uliishia pale mtu anapoweza kufika kwa nusu saa, yaani kilomita mbili na nusu hivi kutoka katikati. Ikaja treni, likaja basi, likaja gari. Miji ikatanuka, ile saa moja ikabaki palepale. Binadamu tulipoongezewa mwendo hatukubaki na muda mkononi. Tuliuchukua kama umbali.

Mimi niliuchukua umbali huo wote, na nikaongeza.

3. Kilomita 34

Hii ni namba tatu, na itakuwa ndefu. Mwenye haraka aruke.

Nilikuwa mwaka wa pili kazini. Nilikaa karibu na hospitali, chumba kimoja na wenzangu wawili, na siku zote mmoja wetu alikuwa katoka naiti amelala, kwa hiyo tuliishi kwa kunong'ona na kwa kunyata. Nikasikia kuna nyumba. Vyumba viwili, yangu peke yangu, mti nje ya dirisha. Ndugu yangu akanipeleka kwa gari. Jumapili, saa nne asubuhi. Dakika 35. Nikasaini siku ileile.

Jumatatu ilinichukua saa moja na dakika 50. Robo saa kwa miguu, basi, kubadilisha, basi, dakika 10 kwa miguu. Jioni kurudi ilikuwa mbaya zaidi, saa mbili na dakika 10. Zamu yetu ilikuwa ya saa 12. Jumlisheni: saa 16 niko nje ya nyumba yangu nzuri, saa 8 zilizobaki nioge, nile, nifue sare, nilale, niamke saa kumi alfajiri. Ule mti wa dirishani niliuona ofu tu. Siku nyingine zote ulikuwa kivuli cheusi, asubuhi na usiku.

Wiki tatu za mwanzo sikulalamika. Kipya kinyemi. Wanauchumi wawili, Bruno Frey na Alois Stutzer, walichunguza takwimu za Wajerumani juu ya jambo hili hili. Kwa hesabu za kiuchumi, anayesafiri mbali angetakiwa awe amefidiwa: nyumba bora, mshahara bora, kitu fulani kinachosawazisha. Wakakuta haisawaziki. Kadiri safari ilivyokuwa ndefu ndivyo watu walivyoridhika kidogo na maisha yao. Mimi sikuhitaji takwimu za Wajerumani. Chumba cha pili nilikizoea ndani ya mwezi. Kuamka saa kumi sikukuzoea hata siku moja.

Sasa uongo. Mkuu wa wodi wakati huo aliniuliza, kalamu ikiwa juu ya karatasi, nimehamia umbali gani. Nilijua wodi ile alipenda watu wa karibu, wanaoweza kuitwa ghafla. Niliipenda wodi ile. Nikamwambia dakika ishirini. Aliandika.

Na akaitumia! Hapo ndipo Mungu anapojua kucheka. Mtu akiugua, simu ya kwanza ilikuwa yangu: "Wewe wa dakika ishirini, njoo uzibe pengo." Kwenye rosta, ile ratiba ya zamu, akinipanga jioni, halafu kesho yake asubuhi, kwa kuwa wa karibu anamudu. Uongo niliousema ili nisionekane wa mbali ukanifanya nisafiri kuliko wa mbali wote. Miezi minne.

Siku yenyewe ilikuwa ya tatu mfululizo. Nilikaa basi la kwanza, nikaegemea kioo nipumzishe macho hadi kituo cha kubadilishia. Nikaamshwa na dereva: "Dada, tumefika mwisho." Gari tupu. Jua limeshachomoza upande nisiouzoea.

Sikilizeni hapa, maana kosa lenyewe liko hapa, si kwenye usingizi. Simu ilikuwa mkononi. Ina chaji. Saa ilikuwa haijafika moja. Ningepiga wodini niseme nitachelewa saa nzima na zaidi, wangemtafuta mtu. Sikupiga. Kupiga kungenilazimu niseme niko wapi, na mahali nilipokuwa hapakuwa na uhusiano wowote na dakika ishirini. Nikajiambia nitapata basi la haraka. Kila kituo nilijiambia hivyo. Niliingia wodini saa mbili na dakika 20.

Dada aliyekuwa naiti alikuwa bado yuko peke yake. Alikuwa amenizidi miaka kama kumi, mpole, mwenye kunyamaza. Hakuweza kuondoka; wagonjwa hawaachwi bila mtu, hilo mnalijua. Ilipofika saa moja na nusu, insulini ya asubuhi, ile sindano ya kushusha sukari, ya mzee wa kitanda namba 8 ikawa imefika wakati, na chakula kimeshaletwa. Kwa utaratibu wetu ile ilikuwa dawa ya zamu ya mchana. Yaani yangu. Sipo. Akamchoma yeye. Chati ya dawa ilikuwa imechukuliwa na madaktari waliokuwa raundi mwisho wa wodi, basi akafanya kile tunachokifanya sote na tunachoambiwa sote tusikifanye: akaandika kwenye kipande cha plasta, akakibandika kwenye sare yake.

Mimi natokea mlangoni, yeye keshashika begi. Tulikabidhiana zamu kwenye korido, tukitembea, yeye akielekea nje nami nikielekea ndani, nikihema. Alinitajia vitanda kimoja kimoja. Akasema, "Namba nane tayari."

Tayari. Yeye alimaanisha keshachomwa. Mimi nikasikia keshapimwa sukari, anasubiri sindano. Nikaitikia "sawa dada," akaondoka na plasta yake kwenye mkono wa sare.

Nilivuta yuniti zote, nikakagua mara mbili kama tulivyofundishwa, nikajisifu kimoyomoyo kwamba hata nikiwa nimechelewa sikosei kipimo. Nikafika kitandani. Mzee alikuwa tayari ameanza kufunua tumbo, kwa utii, halafu akasita.

"Mwanangu, leo ni mbili?"

Sijui kama mmewahi kusikia mikono yenu ikipoa kuanzia kwenye kucha. Nikamwambia hapana baba, ni moja, nimekuja kuangalia tu. Nikarudi na bomba la sindano limejaa, nikaketi kwenye stoo, juu ya katoni za glavu. Angekuwa amelala je? Angekuwa mzee mwingine, wa kitanda namba 9, ambaye hakuwa anasema? Dozi mbili za insulini kwa mwenye mwili ule, ningerudi saa nne kumpelekea dawa nyingine nimkute hazinduki.

Nilimwita daktari, tulimpima mzee sukari siku nzima, hakupata neno. Fomu ya tukio niliijaza mwenyewe. Kwenye nafasi ya sababu niliandika: "Mawasiliano hafifu wakati wa kukabidhiana zamu." Kweli tupu, na woga mtupu. Kilomita 34 sikuziandika popote.

Wiki mbili baadaye tulikutana na yule dada wa naiti tukibadilisha nguo. Sikumwuliza, alisema mwenyewe, kama mtu anayesimulia hali ya hewa. Siku ile jirani alikubali kukaa na mtoto wake hadi saa mbili, kisha naye akaenda kazini kwake. "Nilimkuta kizingitini. Alikuwa amejivalisha viatu vya shule, cha kushoto kulia." Mtoto wa miaka mitano. Akafunga kabati lake akaenda wodini.

Siku ileile nilikwenda kwa mkuu wa wodi nikamwambia ninakoishi. Alifungua rosta, akatazama miezi minne nyuma, mstari kwa mstari, hajasema kitu. Halafu: "Kwa hiyo mimi nimekuwa nikipanga zamu za mtu asiyekuwepo." Mkataba wa nyumba ulipokwisha nilirudi kwenye chumba cha kunong'ona.

4. Ukitoka naiti usiendeshe

Fupi, lakini ishikeni. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2016 uliwapa wafanyakazi 16 wa zamu za usiku gari halisi kwenye njia ya majaribio iliyofungwa. Walipoendesha baada ya kulala usiku, hakuna aliyekaribia ajali. Walipoendesha baada ya zamu ya usiku, 6 kati ya 16 walikaribia, na safari 7 zilikatishwa kwa usalama wao. Hao walijua wanatazamwa. Wewe na pikipiki yako ya mkopo, hakuna anayekutazama. Lala kwanza, hata nusu saa kwenye kiti, au panda basi uamshwe na dereva mwisho wa njia. Hiyo aibu inaponyeka.

5. Saa 11 si saa 11

Mnaofurahia kubadilishana zamu ili mkusanye ofu nne, njooni. Sheria ya Umoja wa Ulaya inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi mapumziko ya saa 11 mfululizo katika kila saa 24, na sehemu nyingine zina kanuni zinazofanana nayo. Kwenye karatasi inapendeza. Lakini kwa kawaida saa ya mapumziko huanza kuhesabiwa unapotoka kazini, si unapofika kwako. Mwenye safari ya saa mbili kwenda na mbili kurudi zinambakia saa 7, na humo kuna kuoga, kula, na mtu wa nyumbani anayetaka kujua siku yako imekwendaje. Kwa hiyo ukimwomba mwenzako wa mbali akubadilishie jioni kwa asubuhi, jua unamwomba usingizi wake wote. Nawe wa mbali ukiombwa, jifunze kusema hapana. Kinywa hakivunjiki.

Mwaka 2015 mahakama ya Umoja huo huo iliamua kwamba wafanyakazi wasio na kituo maalumu cha kazi, wale wanaotoka nyumbani moja kwa moja kwenda kwa wateja, muda wao wa kwenda kwa mteja wa kwanza na kurudi kutoka kwa wa mwisho ni muda wa kazi. Nimewataja kwa sababu mmoja wenu aliniletea habari hiyo amefurahi kama kaokota dhahabu. Mwanangu, wewe una kituo. Kituo chako ni hiki hapa chenye vitanda 28. Haikuhusu.

6. Hesabu ya mwaka

Kaeni chini mara moja tu muifanye. Saa moja na nusu kwenda, moja na nusu kurudi, siku 22 za kazi, miezi 11: saa 726. Ni siku 30 nzima, mchana na usiku. Kuna anayeifanya hesabu hiyo na bado anaamua kukaa mbali, kwa sababu kodi ya karibu haishikiki, au mwenzi wake anafanya kazi upande wa pili, au kuna mzazi wa kutunza. Huyo simgusi. Hajakosea chochote, kachagua macho makavu. Wale ninaowasema ni wa dirisha na mti.

Na msidhani mtaigeuza safari kuwa raha kwa kusikiliza vipindi. Daniel Kahneman na wenzake mwaka 2004 waliwauliza wanawake 909 wa Texas waipitie siku yao tukio kwa tukio na waseme walijisikiaje. Safari ya asubuhi ya kwenda kazini ilishika mkia, chini ya kazi za nyumbani na chini ya kazi yenyewe. Huwa nacheka kila nikikumbuka. Maana yake ni kwamba mnapoingia wodini mkiwa mmenuna, wodi haijawafanya kitu bado.

7. Madogo madogo

Piga simu unapojua utachelewa, si unapofika. Na ukipiga sema uko wapi. Weka sare moja na viatu kabatini. Jua njia ya pili kabla ya ya kwanza kufungwa. Tafuta mmoja wenu anayekaa karibu na mwelewane: siku basi likiharibika atakuanzia nusu saa, nawe utamwanzia siku yake. Basi la mwisho la usiku lina saa yake kwenye ratiba na saa yake nyingine barabarani, ulizeni walinzi wa geti, wanaijua. Ukikaa kwenye basi la kubadilisha, weka kengele. Usiegemee kioo.

Anayetoka naiti akikwambia "tayari," muulize tayari nini. Kama ndio kwanza umefika unahema, mwombe mrudi mezani, hata kama keshashika begi, hata kama anakutazama vibaya. Kama umemchelewesha wewe, mna haki zote mbili: yeye ya kukutazama vibaya, wewe ya kuuliza.

8. Rosta ya mwezi ujao

Siku hizi rosta naipanga mimi, na naifunga Ijumaa. Kuna karatasi nimeibandika ndani ya mlango wa chumba cha kubadilishia nguo. Andikeni jina, mabasi mangapi, na muda wenu mlango kwa mlango siku mbaya. Mwenye zaidi ya saa moja sitampanga jioni kisha asubuhi, na hataitwa kuziba pengo. Hakuna atakayeondolewa wodi kwa sababu anakaa mbali. Nimesema kwa mdomo, sasa nasema kwa maandishi.

Jana jioni nilipita kuisoma. Majina tisa, na mmoja ameandika dakika 20. Nimemkatia mstari kwa kalamu nyekundu nikamwandikia saa moja na robo, maana nilishaongea na walinzi wa geti. Kama nimekosea, aje anisahihishe, ila aje saa moja kamili.